Waigizaji washuke kwa watazamaji, au wabaki jukwaani?

Swali limetoka kwa mwongozaji kijana anayeandaa tamthilia yake ya pili. Nimelifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Tamthilia yangu inahusu ndugu watatu wanaogombania nyumba aliyoiacha baba yao. Ukumbi tuliopewa una viti 400 vilivyopigiliwa sakafuni, safu 20, na sakafu haipandi kuelekea nyuma. Jukwaa lina kimo cha mita 1.2, na kati yake na safu ya kwanza kuna uwazi wa mita 4 hivi. Onyesho letu lililopita humo lilipoa. Walikuja watu kama 80, wengi wakajikalia nyuma, na kufikia katikati wengine walishatoa simu. Safari hii nataka waigizaji washuke, wapite katikati ya viti na kuongea na watu uso kwa uso. Pia nafikiria kuwavalisha maikrofoni. Je, hayo yatawaunganisha na hadhira?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kurudi kwenye ukumbi uleule, wengi wangeukimbia. Kwa kifupi, washushe mara moja tu, mahali pamoja, na kwa sababu inayotoka ndani ya tamthilia yenyewe. Nitaeleza kwa urefu, maana kushuka kwa waigizaji ni hatua ya mwisho katika kazi ya kupanga nafasi, na wewe umeanza nayo.

Kabla ya kuhesabu mita, amua watazamaji ni nani kwa wahusika wako. Ni wageni walioalikwa? Ni mashahidi? Ni majirani wanaosikiliza ugomvi kupitia ukuta? Ni wazee watakaotoa hukumu? Kila uhusiano una umbali wake, kimo chake na mwanga wake. Ukishajua wewe mwenyewe watu hawa wamekuja kufanya nini katika habari unayosimulia, maamuzi mengi yanayokusumbua sasa yatajipanga. Usipojua, hata ukiwaketisha waigizaji mapajani mwa watu, kila upande utabaki kwake.

Tazama kazi ya mwongozaji Jerzy Grotowski wa Poland na msanifu Jerzy Gurawski miaka ya 1960. Walifanyia kazi vyumba vidogo, ambamo kila mtazamaji alikuwa karibu tangu mwanzo, kwa hiyo ukaribu peke yake haukuwa na thamani yoyote ya pekee. Katika tamthilia ya Kordian, mwaka 1962, chumba kizima kiligeuzwa wodi ya wagonjwa wa akili, na watazamaji wakakaa juu ya vitanda vilevile walivyotumia waigizaji. Mwaka uliofuata, katika tamthilia ya Faustus, ziliwekwa meza ndefu na watazamaji wakakaa kandokando yake kama wageni wa mlo wa mwisho wa mtu aliyeuza roho yake. Faustus akaigiza juu ya meza hizo hizo, mbele ya mikono yao. Halafu mwaka 1965, katika The Constant Prince, wakafanya kinyume kabisa. Walizungushia eneo la maigizo ukuta wa mbao, watazamaji wakakaa nyuma yake, juu, wakichungulia chini kumtazama mtu akiteswa. Hakuna aliyesemeshwa wala kuguswa. Ukuta huo uliwapa nafasi ya watu wanaotazama mateso na wasinyanyue mkono, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya onyesho.

Mwongozaji ni yuleyule, na ndani ya miaka michache amewaweka watazamaji mahali patatu tofauti. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba karibu ni bora kuliko mbali. Ninachoweza kukuambia ni kwamba tamthilia yako, kwa ulivyoieleza, ina mahali pamoja ambapo uhusiano wa watazamaji na wahusika unaweza kubadilika: kikao cha familia, pale ndugu watatu wanapodai haki zao mbele ya jamaa. Hadi hapo watazamaji wamekuwa watu wa nje wanaosikia siri za nyumba ya wengine. Kikao kikianza, wao ndio wanakuwa jamaa. Ningeijenga mipangilio yote ya mienendo kuelekea badiliko hilo.

Sasa mita. Ukiwa na safu 20, mtu wa safu ya mwisho yuko karibu mita 22 kutoka ukingo wa jukwaa. Nyoosha mkono mbele yako utazame ukucha wa kidole gumba: kutoka kule nyuma, urefu wa uso wa mwigizaji haufiki hata nusu ya upana wa huo ukucha. Wasanifu wa majumba ya maigizo huchukua mita 20 hivi kuwa mwisho wa kuweza kusoma uso. Kwa hiyo wale waliotoa simu, machozi ya mwigizaji wako hawakuyaona. Waliona mtu amesimama.

Hilo halina maana kwamba mbali hakufai. Ukumbi wa Epidauros huko Ugiriki, uliojengwa karne ya 4 kabla ya Kristo, huchukua watu wapatao 14,000, na walio juu kabisa wako mbali kuliko mtazamaji wako yeyote. Wagiriki wa kale hawakutegemea uso. Waigizaji walivaa vinyago. Walitegemea sauti, umbo la mwili mzima, na kundi la waimbaji lililosogea pamoja kwenye duara lenye kipenyo cha mita 20 hivi. Kinachosafiri mbali ni mwili: mtu akimpa mwenziwe mgongo, mtu akikaa wakati wengine wamesimama, pengo kati ya ndugu wawili likiongezeka hatua kwa hatua. Kama kuna watakaoketi nyuma, basi kila tukio kubwa lisomeke hata kwa mtu asiyeona macho ya mwigizaji. Katika mazoezi, waambie waigize tukio zima bila maneno huku wewe umekaa safu ya 20. Usichokielewa ukiwa pale, na mgeni hatakielewa.

Lakini kwa watu 80, kwa nini mtu akae safu ya 20? Hapa ndipo pa kuanzia kazi yako, na haitakugharimu waigizaji hata hatua moja. Funga kamba kuanzia safu ya 9 kurudi nyuma. Safu nane za mbele zina viti 160, zinakutosha hata wageni wakiongezeka maradufu, na mtu wa mbali zaidi atakuwa mita 11 kutoka ukingoni. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Watu waliotawanyika katika ukumbi mkubwa huogopa kucheka, maana kila mmoja anajisikia peke yake. Waliokaa bega kwa bega huambukizana kicheko na ukimya pia. Hadhira inaunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwanza, ndipo inapoweza kuunganishwa na jukwaa. Waongozaji wengi hulisahau hili kwa sababu wanalitazama jukwaa tu.

Na usiiachie kamba peke yake kazi hiyo. Watu walikaa nyuma kwa sababu milango, bila shaka, iko nyuma na hakuna aliyewapokea. Mwongozaji Ariane Mnouchkine na kundi lake la Théâtre du Soleil, ambao tangu mwaka 1970 wanatumia kiwanda cha zamani cha baruti na silaha nje kidogo ya Paris, wamejenga utaratibu ambamo onyesho linaanzia mlangoni: Mnouchkine mwenyewe mara nyingi husimama akichana tiketi, na wageni wakipita wanawaona waigizaji wakijipaka rangi na kuvaa maleba. Mtu akipokewa hivyo, haingii tena ukumbini kama abiria anayetafuta kiti cha dirishani. Kwako, waigizaji wawili wadogo wanaweza kuwapokea watu kama jamaa wanaofika msibani au kikaoni na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Kidogo tu, bila kuwasumbua kwa maswali.

Tuje kwenye uwazi wako wa mita 4. Mtunzi wa opera Richard Wagner, alipofungua jumba lake la opera huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, aliweka shimo la wanamuziki kati ya jukwaa na viti kwa makusudi. Alitaka shimo hilo litenge dunia ya jukwaa na dunia ya watu, ili yanayotokea kule yaonekane kama ndoto. Wewe una korongo lilelile bila kuwa na ndoto ya kulijaza, na linakula nguvu za kila sentensi inayovuka. Njia mbili zipo. Unaweza kuongeza viti vya kukodi katika uwazi huo, ingawa wa mbele kabisa watavunjika shingo kwa kimo cha jukwaa. Au unaweza kulisogeza jukwaa: vipande vya mbao imara vinavyojaza mita 3, ukiacha mita moja ya kupita. Mimi ningechagua la pili, na ningelijenga chini zaidi ya jukwaa kuu, sentimita 40 au 60, na ngazi mbili za kupandia.

Sababu ya kulishusha ni hii. Mtu aliyeketi macho yake yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni, kimo kilekile cha jukwaa lako. Mtazamaji wa safu ya kwanza anatazama sakafu ya jukwaa ikiwa mstari tu. Mwigizaji akipiga magoti ndani kabisa, nusu yake inapotea. Kwenye kipande cha chini, mwigizaji aliyesimama anakuwa mrefu kidogo tu kuliko mtu wa kawaida aliyesimama mbele yako, na macho yake yanaweza kukutana na yako pasipo yeye kuinamisha kichwa wala wewe kuinua shingo. Nimeshuhudia mazungumzo yaleyale yakibadilika kabisa kwa kushushwa sentimita 60. Mtu anayekusemesha kutoka juu anahutubia, hata akinong'ona.

Jukwaa lililochomoza namna hii lina historia ndefu, na mwongozaji Tyrone Guthrie ndiye aliyelirudisha kwa nguvu karne ya 20, huko Stratford, Kanada, mwaka 1953, mwanzoni ndani ya hema. Viti vilizunguka pande tatu, na jengo la kudumu la mwaka 1957 lina viti zaidi ya 1,800 bila mtu yeyote kuwa mbali na jukwaa kupita mita 20 hivi. Wewe huwezi kuzungusha viti vilivyopigiliwa. Lakini unaweza kuongeza safu moja fupi ya viti kila upande wa kipande kipya, labda kumi na kumi, vikitazamana. Waketishe hapo watu ambao kikao kikianza watahesabiwa kuwa wazee wa familia. Waliokaa mbele watawaona, na nyuso za watazamaji zitakuwa sehemu ya mandhari.

Hapo linaingia suala la mwanga, ambalo kwangu ni sehemu ya nafasi kabisa, kwa kuwa giza ni ukuta. Kabla ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa kawaida ukumbi kubaki na mwanga wakati wa onyesho. Bayreuth ilichangia sana kueneza desturi ya kuuzima. Mwongozaji wa Urusi Vsevolod Meyerhold aliikataa desturi hiyo mwaka 1910 huko St Petersburg, katika Dom Juan ya Molière: aliondoa pazia, akasogeza jukwaa mbele juu ya shimo la wanamuziki, akaacha taa za ukumbi zikiwaka. Globe ya London, jumba la maigizo la enzi za Shakespeare lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997, inafuata mantiki hiyo hadi leo. Mwigizaji anawaona waliosimama uani, nao wanajua kwamba wanaonekana. Mtu anayejua anaonekana hatoi simu kirahisi. Kwako ningeanza na giza la kawaida, halafu kikao kinapofunguliwa taa za ukumbi zipande polepole, ndani ya nusu dakika, hadi theluthi moja ya nguvu yake. Mwigizaji asiseme lolote la kuashiria. Watu wataona mikono yao wenyewe, kisha majirani zao, na watakuwa wameshaingia kwenye familia hiyo kabla hawajaulizwa.

Sasa ndiyo tuzungumzie kupita katikati ya viti. Tatizo la kwanza ni la macho. Sakafu yako haipandi, na kichwa cha mtu aliyeketi kinafika kama mita 1.3. Mwigizaji akishuka kwenye njia ya kati, walio nyuma yake kwa safu nyingi wanaona mabega na kichwa tu. Akikaa au kuchuchumaa, anawapotea wote isipokuwa kumi walio jirani. Wa mbele wanageuka na kujinyonga shingo. Umewapa watu kumi kitu, umewanyang'anya wengine wote.

Tatizo la pili ni la ngozi. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall, katika kazi yake ya mwaka 1966, alipima umbali ambao watu aliowachunguza hukaa baina yao: chini ya sentimita 45 ni eneo la wapendanao na watoto, hadi mita 1.2 ni la marafiki, hadi mita 3.6 ni la shughuli, zaidi ya hapo ni la hadhara. Vipimo vinatofautiana jamii na jamii, lakini mipaka ipo kila mahali. Mtazamaji ameketi, hawezi kurudi nyuma. Mwigizaji akimwinamia kwa sentimita 40, mtu huyo anaacha kufikiria habari ya ndugu watatu na kuanza kujifikiria mwenyewe: nitaulizwa? nitaaibishwa? Waliobuni maonyesho ya kutembea ndani ya jengo walilijua hili. Katika Sleep No More ya kundi la Punchdrunk, iliyofunguliwa New York mwaka 2011, watazamaji walivalishwa vinyago, na kujificha huko ndiko kulikowapa ujasiri wa kusogea. Wewe huna vinyago, basi waheshimu.

Wajapani wa Kabuki, maigizo yao ya jadi, wamelitatua jambo hili kwa namna ambayo ningependa kila mwongozaji aichunguze kwa makini. Wana hanamichi, njia inayotoka nyuma ya ukumbi hadi jukwaani, ikipita upande wa kushoto wa watazamaji, na imeinuliwa kufikia usawa wa jukwaa. Kwa hiyo mwigizaji anapita katikati ya watu bila kupotea machoni. Tena hatembei tu. Kuna mahali maalumu panapoitwa shichi-san, saba-tatu: sehemu saba za kumi kutoka mlango wa nyuma, tatu za kumi kabla ya kufika jukwaani. Hapo ndipo anaposimama, anageuka, anajitambulisha au anaganda katika pozi lake kuu. Kwa muda huo yeye si wa jukwaani tena wala hajawa wa ukumbini. Ana siri ambayo wenzake jukwaani hawaijui na watu waliomzunguka wanaijua. Kila sentimita ya njia hiyo imepewa maana.

Kwa hiyo mshushe mmoja. Tuseme binti mdogo, ambaye jukwaani amekuwa akikaa kimya pembeni. Awe ndani kabisa, karibu na ukuta wa nyuma, muda wote kaka zake wanapogombana mbele. Usimruhusu, wala mtu mwingine yeyote, kukanyaga kipande kipya cha mbele hadi kikao kianze. Kiachwe kitupu dakika arobaini, watu wakizoee kikiwa kitupu. Taa za ukumbi zikishapanda, binti aanze kutembea: apite katikati ya kaka zake, ashuke ngazi mbili, afike ukingoni. Hapo, mita moja hivi kutoka safu ya kwanza, ndipo aseme na jamaa. Akihitaji kwenda mbali zaidi, kwa mfano akiikana familia yake, basi ashuke na kuondoka kwa njia ya kati hadi mlango wa nyuma bila kusimama, kaka zake wakimwita kutoka jukwaani. Watu watageuka kumfuata kwa macho, na wakigeuka tena mbele watawakuta wale wawili wamebaki mbali sana. Ni mwendo mmoja, na umbali wote wa ukumbi utakuwa umetumika. Mwigizaji aliyefika ukingoni katika tukio la kwanza hana tena pa kwenda.

Ukiona mwenye ukumbi anakubali, kuna njia nyingine ya kijasiri: viache viti vyake vyote vitupu na uwapandishe watazamaji jukwaani. Jukwaa la mita 12 kwa 8 linaweza kubeba watu 80 kwenye pande tatu za eneo la maigizo la mita 5 kwa 5, kwa kubanana kidogo. Hakikisha kwanza sakafu inastahimili uzito, na milango ya dharura haizibwi. Mwongozaji Peter Brook alifanya jambo la karibu na hilo alipofungua upya jumba la maigizo la Bouffes du Nord, Paris, mwaka 1974. Aliacha kuta zilizochakaa zilivyo, na waigizaji wakacheza sakafuni, usawa mmoja na watu wa mbele. Kwa tamthilia yako ningesita tu kwa sababu ungepoteza ule mwendo mrefu wa binti kwenda mlangoni.

Jambo moja kuhusu mazoezi. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kuchukua watu wapatao 2,000 kwa ajili ya tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na mazoezi yakafanyika mbele ya watu, waliokuwa wakisahihisha waigizaji hadharani. Serikali ilisimamisha onyesho mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Watawala walioogopa ukumbi kiasi hicho walielewa nafasi inaweza kufanya nini. Wewe alika watu kumi au kumi na tano kwenye mazoezi mapema, kabla mienendo haijakauka, uwakalishe sehemu tofauti kila tukio. Usiwaulize kama wamependa. Waulize walikuwa wanamtazama nani, na ni wakati gani walitaka kusogea.

Mwisho, maikrofoni. Ukiwaleta watu ndani ya mita 11, na jukwaa likisogea mbele hadi umbali huo ukabaki mita 8, waigizaji waliofanya mazoezi ya sauti hawazihitaji. Ubaya wa maikrofoni za kichwani ni kwamba mdomo unafunguka katikati ya jukwaa na sauti inatoka kwenye spika ya ukutani. Sikio linamwacha mwigizaji. Kama nje kuna kelele na huna budi, weka spika ndogo mbili au tatu kwenye ukingo wa jukwaa, chini, kwa nguvu ndogo, na mwambie fundi aicheleweshe sauti ya spika ili ile ya mwigizaji mwenyewe itangulie kwa milisekunde 10 hadi 15. Sikio huamini mwelekeo wa sauti iliyofika kwanza, hata kama inayofuata ina nguvu kuliko hiyo. Na fundi huyo akae ukumbini katikati ya watu, asifungiwe kwenye chumba cha nyuma chenye kioo, kwa sababu anatakiwa kusikia wanachosikia wao.